Pwani haina kilele: uchambuzi wa safari iliyokatika kilomita ya 51

Saa 12:20 jioni, siku ya pili ya safari, kijana wa miaka 27 alishuka kwenye baiskeli katikati ya kilima, akailaza kwenye nyasi za ukingo wa barabara na kukaa kando yake. Dada yake, anayemzidi miaka sita, alikuwa ametangulia hatua kama mia mbili. Alipogeuka na kurudi, alimkuta mdogo wake ameshika goti la kulia kwa mikono miwili. "Dada, limekataa," akamwambia. Kifaa kwenye usukani wa dada kilisomeka kilomita 51. Mpango wa siku ile ulisema 74. Chini yao bahari ilikuwa inageuka rangi ya dhahabu, na dada anasema hakuna kitu kilichomkera jioni ile kuliko uzuri ule.

Hawakuwa wageni wa baiskeli. Kijana huendesha kilomita 100 kila mwisho wa juma na kundi la wenzake wa mbio. Dada amesafiri na mizigo miaka mingi, ila siku zote kwenye nchi tambarare, kando ya mito na mifereji. Safari hii ilikuwa ya siku sita kwenye barabara ya pwani yenye majabali, kilomita 420 kwa jumla, yaani wastani wa 70 kwa siku. Kwa mtu anayemaliza 100 kabla ya mchana, 70 ni mchezo.

Nimekiandika kisa hiki kwa kirefu kwa sababu si cha kwanza cha aina yake kuletwa kwangu, na kila mara mwenyewe huja na maelezo yaleyale: "Sikufanya mazoezi ya kutosha." Kijana huyu alikuwa na mazoezi kuliko dada yake, na ndiye aliyekaa kwenye nyasi. Wameniruhusu nisimulie kwa sharti kwamba nisitaje majina wala pwani yenyewe. Sawa, hesabu haijali majina.

Nilikuwa na ushahidi wa namna mbili. Wa kwanza ni faili la kifaa cha dada, kinachopima kimo kwa mgandamizo wa hewa. Wa pili, ambao uligeuka kuwa wa maana zaidi, ni picha za simu ya kijana, kila moja na saa yake. Siku ya pili walisimama mara 23 kupiga picha. Mara 19 kati ya hizo zilikuwa kabla ya saa 8 mchana. Katika picha za asubuhi dada anaonekana kwa mbali akipanda taratibu, na mpiga picha yuko juu anamsubiri. Baada ya saa 8 picha zinakuwa nne tu, zote za bahari, hakuna ya dada. Nilipomuuliza kwa nini, alicheka: "Alikuwa mbele yangu. Ningempiga mgongo?"

Siku ya kwanza iliyodanganya

Siku ya kwanza ilikuwa kilomita 66 na mita 520 za kupanda, kilomita nyingi zikiwa kwenye uwanda mpana kabla majabali hayajaanza. Wakafika saa 9 alasiri, wakaoga, wakalala mapema. Dada akapiga hesabu ya kesho yake kwa mwendo uleule: kilomita 74 kwa kilomita 18 kwa saa, saa nne na kidogo. Hakukuwa na haja ya kukimbizana, kwa hiyo siku ya pili waliondoka saa 4 asubuhi.

Tuifanye upya hesabu ya siku ile. Sehemu hiyo ya kilomita 74 ina mita 1,640 za kupanda kwa mujibu wa programu moja ya ramani waliyoitumia. Dada na mizigo yake hupanda mita 400 hivi kwa saa akiwa ametulia. Hiyo peke yake ni saa nne za kupanda tu, kabla hujahesabu tambarare, mteremko, chakula, au ile dakika moja ya kutazama pomboo ambayo kamwe haiwi dakika moja. Weka yote pamoja ni saa tisa. Mtu anayehitaji saa tisa na kuondoka saa 4 asubuhi amekwisha kujiandikia kufika saa 1 usiku, na hapo mambo yote yawe yamemwendea vizuri.

Faili lilinionyesha yalivyokwenda: saa 5 na dakika 10 magurudumu yakizunguka, saa 3 na dakika 10 yakiwa yamesimama. Katika hizo za kusimama, picha zilikula zaidi ya saa moja na nusu, mapumziko ya chakula dakika 50, na zilizobaki dada alikuwa anamsubiri mdogo wake. Sina ugomvi na picha. Mtu aendaye pwani yenye mandhari halafu asisimame ni afadhali aendeshe ile baiskeli ya chumbani. Ila kusimama nako ni kazi inayohitaji kupangiwa muda, na wao waliupangia sifuri.

Mita 236 zinazozaa mita 1,640

Sehemu ya juu kuliko zote siku ile ilikuwa mita 236 kutoka usawa wa bahari. Dada aliliona hilo kwenye ramani akatulia: kilima cha mita 236 hakimtishi mtu. Hapa ndipo mkosi wote ulipoanzia.

Barabara ya mlimani hupanda mara moja. Stelvio kule Italia, ukianzia Prato, ni mita 1,800 hivi za kupanda katika kilomita 24, kona 48 za kujikunja, halafu basi. Unajua uko wapi. Unaweza kuhesabu kona. Ukifika juu umefika, na kila mita uliyoinunua kwa jasho bado ni yako.

Pwani ya majabali haiko hivyo. Maji ya bara lazima yafike baharini, na kila kijito kimechimba bonde lake likakata jabali. Barabara inayofuata ufuo haina budi kuyavuka mabonde hayo yote moja baada ya jingine: inashuka hadi karibu na mawimbi, inavuka daraja fupi, inapanda rasi, inashuka tena. Walivuka vijito 11 siku ile. Kila kijito kiliwarudisha karibu na sifuri. Ni kama kupanda ngazi ambayo kila ukifika orofa ya tano unaambiwa ushuke ukachukue kitu ulichosahau.

Mfano ulio wazi kuliko wote ninaoujua ni wa watembea kwa miguu: njia ya pwani ya kusini-magharibi mwa Uingereza, kilomita 1,014. Sehemu yake ya juu kabisa, Great Hangman, ni mita 318 tu. Jumla ya kupanda kwa njia nzima inapita mita 35,000, karibu mara nne ya kimo cha Everest. Mita 318 zimezaa 35,000. Anayetazama kimo cha juu cha njia ya pwani ili ajue ugumu wake anatazama tarakimu isiyohusika.

Wapo wanaopinga wakisema mteremko hukurudishia: shuka kwa kasi, kasi ikubebe upande wa pili. Fizikia haina huruma hapa. Ukifika chini ya bonde kwa kilomita 50 kwa saa, kasi yote hiyo inaweza kukuinua si zaidi ya mita 10. Na barabara ya pwani mara chache itakuruhusu ufike chini kwa 50, kwa sababu chini ndiko kuna kona, daraja jembamba, changarawe na unyevu. Ukiingia darajani kwa 25, umebakiwa na mita mbili na nusu. Rasi iliyo mbele yako ina mita 150.

Ndiyo maana daraja moja refu hubadilisha safari nzima. Bixby, kwenye pwani ya Big Sur huko California, lilikamilika mwaka 1932, na sakafu yake iko takriban mita 80 juu ya kijito. Kabla yake wasafiri walizungukia njia ya zamani ya ndani, kupanda na kushuka milimani. Mwendesha baiskeli anayelivuka leo hupiga picha ya tao lake na kuendelea, bila kujua kwamba bonde zima limefutwa kwenye hesabu ya miguu yake. Kwenye pwani ya ndugu hawa wawili hakuna Bixby hata moja.

Programu mbili, tarakimu mbili

Je, dada hakuziona hizo mita 1,640? Aliziona. Na alikuwa na sababu ya kuzipuuza ambayo siwezi kuicheka.

Alipima njia hiyohiyo kwa programu mbili. Moja ilimpa mita 1,640, nyingine 2,210. Tofauti ya mita 570 kwa barabara ileile! Akaamua zote zinabahatisha, akarudi kwenye kilomita, ambazo zote mbili zilikubaliana.

Sababu ya tofauti hiyo inajulikana. Programu nyingi husoma kimo kutoka kwenye ramani za uso wa dunia zilizopimwa kutoka angani. Maarufu kati ya hizo ilitokana na kazi ya siku 11 ya chombo cha anga Endeavour mwezi Februari 2000. Ramani hizo zimegawanya ardhi katika viraba, na kila kiraba kina kimo kimoja. Kiraba kikiwa na upana wa mita 30, au 90, kwenye uwanda hakuna shida. Kwenye barabara iliyochongwa ubavuni mwa jabali, kiraba kimoja kinaweza kubeba barabara, ukuta wa mwamba ulio juu yake na maji ya bahari yaliyo chini yake. Mstari wa njia ukiteleza mita chache kulia au kushoto, programu inadhani umepaa au umeanguka. Penye daraja inasoma kijito badala ya daraja, penye handaki inasoma mgongo wa mlima. Makosa haya yote huongezeka kwenye jumla, kwa kuwa kila mruko wa uongo kwenda juu unahesabiwa kuwa kupanda. Programu inayolainisha mchoro wa njia hupunguza uongo huo, isiyolainisha humwaga wote mezani.

Kifaa cha dada, ambacho kilipima hewa na si ramani, kilitoa mita 1,190 kwa zile kilomita 51, na sehemu iliyobaki walipoipita baadaye ikaongeza 430. Jumla 1,620. Programu ya kwanza ilikosea kwa mita 20 tu. Tarakimu mbili zinapogombana pwani, dau langu huliweka kwa ile ndogo, kisha naongeza kidogo kwa tahadhari. Kuzitupa zote mbili ni sawa na kuvunja saa mbili za ukutani kwa kuwa hazilingani, halafu ukaanza kukisia saa kwa njaa.

Kwa nini aliyekuwa na nguvu ndiye aliyevunjika

Hapa nitakaa, maana ndicho kiini cha kisa.

Kijana na baiskeli yake na mizigo: kilo 80 za mwili, 12 za baiskeli, 24 za mabegi ya pembeni na hema lililofungwa kwenye keria. Jumla 116. Gia yake nyepesi kuliko zote ilikuwa meno 34 mbele na 28 nyuma, ambayo ni gia ya heshima kabisa kwa baiskeli tupu ya mbio. Kwa mzunguko mmoja wa pedali ilimsogeza mita 2.55.

Dada: kilo 62, baiskeli 14, mizigo 18. Jumla 94. Baiskeli yake ni ya safari, kuukuu kidogo, na ina sahani tatu za meno mbele. Gia yake nyepesi ilikuwa meno 26 mbele na 36 nyuma: mita 1.52 kwa mzunguko.

Sasa chukua mwinuko wa asilimia 8, wa kawaida kabisa pwani ile. Kijana anaweza kutoa wati 170 kwa muda mrefu bila kujimaliza, dada 120. Kwa wati hizo kijana anapanda kwa kilomita 6 kwa saa, dada 5.2. Ndiyo maana asubuhi kijana alikuwa juu na simu yake anasubiri. Lakini tazama miguu. Dada anazungusha pedali mara 57 kwa dakika. Kijana anazungusha mara 39.

Mara 39 kwa dakika si kuendesha baiskeli, ni kupanda ngazi za mnara ukiwa umebeba mtu. Kwa wastani wa mzunguko mzima, kijana alikuwa anasukuma pedali kwa nyutoni 240, sawa na uzito wa kilo 24 usioachia. Dada alisukuma kwa nyutoni 117. Na huo ni wastani tu: pedali inapopita mbele, nguvu hupanda hadi karibu mara mbili ya hapo. Kila msukumo wa namna hiyo hukikandamiza kile kifupa cha mbele ya goti dhidi ya mfupa wa paja. Kwenye kilima kimoja goti halitasema kitu. Kwenye kijito cha saba linaanza kuuma kwa mbele, pale hasa alipopashika.

Kisha nikagundua jambo dogo lililokuwa limenipita. Kwenye picha ya kuondoka, kiti chake kilikuwa chini kuliko kwenye picha za nyumbani. Alikishusha sentimita moja na nusu, akakiri, kwa kuwa baiskeli yenye mizigo ilimyumbisha alipokuwa anasimama na alitaka mguu ufike chini. Kiti kikishuka goti hukunjwa zaidi wakati wa kusukuma, na mzigo uleule unalibana zaidi. Alijipunguzia woga wa kuanguka akalipa kwa goti.

Wenzake wa mbio walimpa ushauri mmoja: punguza mizigo. Ni ushauri mzuri, na kilo 24 zilikuwa nyingi. Lakini upime. Tukiondoa kilo saba na kuiacha gia ilivyo, mizunguko yake inapanda kutoka 39 hadi 42. Tukiacha mizigo yote na kumfungia gia ya nyuma yenye meno 34, inapanda hadi 48. Gia inashinda mizigo mara tatu, na watu wanaokaa usiku kucha wakikata mpini wa mswaki ili upungue gramu kumi hawapendi kusikia hivyo. Wanaona aibu kufunga gia kubwa ya nyuma, kana kwamba meno ni umri.

Kwa nini basi hakubadilisha? Kwa sababu kilima anachokijua ni kimoja, kilomita nne, anakipanda kila Jumamosi akiwa mtupu, na anakipanda vizuri. Kilima kimoja unaweza kukishinda kwa ubavu. Vijito 11 vinataka gia.

Upepo wa alasiri

Dada analaumu upepo. Ana haki kiasi.

Pwani nyingi zina desturi yake: asubuhi shwari, jua likipasha ardhi hewa ya nchi kavu inapanda na ya baharini inaingia kujaza nafasi, na ifikapo alasiri upepo umekolea. Kwenye rasi huongezeka nguvu kwa kuwa hewa inabanwa kuzunguka jabali. Wao waliutumia ushwari wa asubuhi kunywa chai. Upepo uliwakuta saa 7 mchana, tena ulikuwa wa mbisho, unawajia puani.

Ukiendesha kwa kilomita 18 kwa saa dhidi ya upepo wa kilomita 18 kwa saa, hewa inakupiga kama unaendesha kwa 36, na nguvu yake si mara mbili bali mara nne. Kwa mwendeshaji mwenye mabegi ya pembeni hiyo ni nyutoni 36 hivi mahali pa 9. Kwa uzito wa kijana, ziada hiyo ni sawa na kupanda asilimia 2.4 mahali ambapo macho yanaona tambarare. Vipande vyao vichache vya kupumzikia vikageuzwa kuwa vilima visivyoonekana.

Uelekeo wa safari nao ulichaguliwa kwa sababu ya basi: upande ule ndiko lilikopatikana basi linalobeba baiskeli. Waendeshaji wa pwani ya California karibu wote huenda kutoka kaskazini kwenda kusini, kwani majira ya joto upepo mkubwa hutoka kaskazini-magharibi. Kuna faida nyingine: nchi ile magari hupita kulia, hivyo anayekwenda kusini yuko upande wa bahari na anaweza kuingia kwenye maegesho ya kutazamia mandhari bila kukatisha barabara. Basi halikumwambia dada lolote kati ya hayo.

Tairi la siku ya tatu

Walilala kwenye hema nyuma ya maegesho kama hayo, wakaendelea asubuhi kijana akisukuma baiskeli kwa mguu kwenye vilima. Kilomita ya 9, kwenye mteremko mrefu, tyubu ya nyuma ilipasuka kwa mlio ambao dada alidhani ni bunduki. Hakuanguka. Alisimama kwenye changarawe akitetemeka.

Haikuwa pancha ya msumari. Breki zake ni za kubana rimu, na alikuwa amezishika mfululizo kwa kilomita mbili, akijizuia kwenye kilomita 30 kwa saa kwa kuogopa upepo wa ubavuni. Joto la breki lote liliingia kwenye rimu, likaipasha hewa na mpira.

Hesabu yake ilinishangaza hata mimi. Kwenye mwinuko wa asilimia 8, kwa uzito wake, ukijizuia kwenye kilomita 20 kwa saa breki zinapaswa kumeza wati 400 hivi. Ukiachia hadi 40, upepo unakusaidia kuzuia na breki zinameza 425. Kilele kiko katikati: karibu na 30 zinameza 480. Mwendo ule anaouchagua mtu mwenye hofu, si taratibu si haraka, ndio unaozichoma breki kuliko wote. Mwenye mizigo na breki za rimu aidha ashuke polepole sana na kusimama apoeze, au aachie penye kunyooka kisha abane kwa nguvu na kwa muda mfupi kabla ya kona, mbele na nyuma kwa zamu. Breki za diski huipeleka shida hiyo kwenye chuma mbali na tairi, na kwa pwani ya aina hii ningezichagua bila kufikiri mara mbili.

Walichofanya

Walitembea kilomita tano hadi mji mdogo, na siku ya nne wakaipumzika yote. Fundi akamfungia kijana gia ya nyuma ya meno 34, ikabidi na mkono wa kuhamisha cheni ubadilishwe kwa mrefu zaidi. Kiti kikarudi mahali pake. Kilo saba zikapelekwa nyumbani kwa posta. Kwa kilima kilekile cha asilimia 8, hesabu yangu inampa mizunguko 51.

Siku ya tano waliondoka saa 12 asubuhi, siku ya sita vilevile: kilomita 41 na mita 710, kisha kilomita 38 na mita 760. Kufikia saa 7 mchana baiskeli zilikuwa zimeegeshwa. Goti lilinung'unika lakini halikukataa. Jumla ya safari, kilomita 210, nusu kamili ya mpango.

Dada bado anashikilia kwamba kama wangetoka alfajiri siku ya pili, yasingetokea yote haya. Tumebishana mara mbili. Kutoka alfajiri kungemwondolea upepo na giza, hilo nalikubali, lakini vijito vingebaki 11 na mizunguko 39. Kijana hashiriki ubishi huo. Yeye ameshaanza kupanga nusu iliyobaki, na wiki iliyopita alinionyesha karatasi yake. Haina safu ya kilomita. Ina safu mbili tu, idadi ya vijito na mita za kupanda, na siku yake nzito kuliko zote ina vijito vitano.